Mke wa Mwenye Bucha

Wapendwa, leo kabla hatujafungua somo naomba niwapeleke kwenye nyumba moja. Mkifika msianze kunong'ona ni ya nani. Ni nyumba tu, kwenye mji mdogo wa huku kwetu Ugogoni, wenye stendi na soko na vumbi la kutosha. Baba wa nyumba hiyo alikuwa na bucha. Jina lake Chilongani, lakini mtaani walimwita Baba Foibe, kwa jina la binti mmoja tu aliyejaliwa kumpata. Mke wake aliitwa Perisi.

Baba Foibe alikulia kwenye nyumba ambayo nyama ilionekana Krismasi, na hata Krismasi yenyewe watoto waliambulia mchuzi. Mnalijua hilo? Naona wazee wanatikisa vichwa. Basi yeye alikua na kiu hiyo ndani yake. Alipofungua bucha, akaweka vigae vyeupe ukutani na kulabu zinazong'aa, alijiona ametoka gizani. Na siku aliyomleta Perisi nyumbani kama mke, alimwambia, "Mke wangu, kwangu mimi hutalala na majani tumboni. Nyama utakula mpaka useme basi."

Na kweli, alitimiza. Wanaume hapa, wangapi tunatimiza tuliyoahidi siku ya kwanza? Tuendelee.

Kila jioni Baba Foibe alirudi na mfuko. Leo steki, kesho mbavu za kuchoma mpaka mafuta yadondoke kwenye mkaa, keshokutwa maini. Baadaye aliponunua friji la kioo akaanza kuuza soseji, akawa analeta nyumbani na za asubuhi. Chai ya Perisi haikukosa soseji zilizokaangwa zikapasuka pembeni, na siku nyingine nyama ya kopo juu ya mkate. Majirani wakimtania kwamba anamdekeza mno mkewe, alicheka akasema, "Nisipomdekeza yeye, nimdekeze ng'ombe?"

Na alikuwa na tabia moja. Chakula kikishatengwa, yeye hakuanza kula. Alikaa akimwangalia mkewe mpaka kipande cha kwanza kiingie mdomoni.

"Imeiva, Mama Foibe?"

"Imeiva, Baba Foibe."

Hapo ndipo naye aliponawa. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake hasa, kumwona anakula. Mtu akikwambia Baba Foibe hakumpenda mke wake, mtu huyo hajui kupenda.

Foibe alikua, akaolewa Morogoro, wazee wakabaki wawili. Ndipo Perisi akaanza kuchoka.

Alianza kuchoka kidogo kidogo. Alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, sauti ya kwanza, ile inayopanda mpaka bati litetemeke. Sasa akipandisha wimbo, anakatika katikati, anashika benchi. Kutoka nyumbani kwenda kanisani ni kilima kidogo tu, lakini alianza kusimama njiani akijifanya anafunga kanga vizuri. Viganja vyake vikawa vyeupe. Gauni la kitenge alilolivaa Pasaka likawa kama la kuazima.

Baba Foibe aliona. Mume gani asingeona? Alienda kuuliza kwa majirani, maana kwetu kila jirani ni daktari. Wote wakasema neno moja: damu imepungua, mpe maini, mpe nyama nyekundu, damu itarudi.

Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Na wewe je? Una bucha, mke wako hana damu, watu wanakwambia dawa yake ni nyama. Baba Foibe alifurahi kabisa. Alijiambia kwamba Mungu alimpa kazi hii kwa sababu ya siku hii. Akaanza kuchagua maini ya kwanza kabla mteja yeyote hajafika. Maini asubuhi, steki mchana, jioni mifupa ya supu, na soseji katikati kama kuna nafasi. Kadiri Perisi alivyopungua ndivyo yeye alivyoongeza. Alikaa mbele yake, anamkatia vipande vidogo vidogo kama mtoto.

"Kula, mama. Kimoja tu. Hiki cha mwisho."

Na Perisi alikula. Alitabasamu, akatafuna, akameza.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Perisi hakumwambia mtu. Samahani, watoto wapo, ila nitalisema, kwa sababu kutolisema ndiko kunakotumaliza. Perisi alikuwa akienda chooni anaona damu. Alianza kuiona muda mrefu nyuma. Mara ya kwanza aliogopa. Mara ya pili akajiambia ni bawasiri, itapita. Baadaye akaacha kuangalia. Utamwambiaje mtu habari za chooni? Utamwanzia wapi mume anayekaa mbele yako akisubiri useme nyama imeiva? Basi mume alijaza kwa juu, kumbe kwa chini inavuja, na wote wawili wamelala kitanda kimoja.

Siku moja mchana, akina mama wako kanisani wanafanya mazoezi ya wimbo wa mavuno. Perisi alikuwa amesimama mstari wa mbele. Akakaa. Wakadhani anapumzika. Akateleza taratibu kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni, bila kelele, kama kanga inavyoteleza begani.

Mtu akatumwa bucha. Baba Foibe alikuwa anakata paja la ng'ombe. Aliliacha kwenye gogo, na shoka juu yake, na wateja wamesimama, akakimbia na aproni yake. Watu wa njiani walipiga mayowe, maana walimwona mtu mzima ana damu kifuani mpaka magotini, wakajua kachomwa kisu. Yeye hakusikia. Alimbeba mkewe mikononi, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba hakuona uzito. Mtu aliyezoea kubeba robo za ng'ombe alimbeba mkewe kama anabeba nguo za kufua.

Hospitalini muuguzi alimkimbilia yeye. "Baba, umeumia wapi?"

"Hii ni ya ng'ombe, dada yangu. Mgonjwa ni huyu."

Waliongezewa damu, na nasema waliongezewa wote wawili, maana rangi ilipomrudia Perisi, Baba Foibe naye alirudi kuwa mtu. Kesho yake akaja daktari, mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, nataka nikuulize swali la kawaida kabisa. Choo chako kikoje?"

Perisi akamtazama mumewe. Baba Foibe akaelewa, akainuka. "Nitoke, Mama Foibe?"

Perisi akamshika mkono. "Usitoke," akasema. "Kaa usikie. Nimechoka kujificha."

Akasema yote. Tangu lini, mara ngapi, rangi gani. Baba Foibe alisikiliza mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na aliona aibu, lakini haikuwa aibu ya choo. Aliona aibu kwamba amekaa mezani na mtu huyu mchana na usiku, akihesabu kila tonge linaloingia, na hajui lolote linalompata.

Kutoka hapo walipelekwa hospitali kubwa. Foibe akaja kutoka Morogoro, akawa analala na mama yake. Wakampitishia kamera kwenye utumbo, wakaona uvimbe, wakaukata kipande wakapima. Ilikuwa saratani, kwenye utumbo mpana. Daktari wa huko aliwaambia bila kuzunguka, kisha akawaambia pia kwamba haijasambaa, kwamba watamfanyia upasuaji, na kwamba wana matumaini.

Baba Foibe alisikia neno matumaini, akalidaka, na papo hapo akarudi kwenye jambo analolijua. "Daktari, akishatoka humo nimlishe nini arudishe nguvu? Mimi nina bucha. Maini yapo, steki ipo. Hata soseji nitamletea, anakula kila asubuhi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi," akasema Baba Foibe kwa fahari. "Sijamnyima hata siku moja."

Foibe akaangalia chini. Daktari akatafuta njia ya kupita bila kumkanyaga mtu.

"Baba," akasema, "nitakwambia ukweli, lakini unisikilize mpaka mwisho. Ugonjwa huu una sababu nyingi. Siwezi kusema kwa mama huyu umetokana na kitu fulani. Wapo wasioonja nyama wakaugua, na wapo walioila maisha yao yote hawakuugua. Lakini tunajua kwamba nyama za kiwandani, soseji, nyama za kopo na nyingine kama hizo, zikiliwa mara kwa mara zinaongeza hatari ya saratani hii. Na nyama nyekundu, ya ng'ombe, ya mbuzi, ikiliwa nyingi kila siku, nayo inaelekea huko huko. Moyo nao haupendi. Kwa hiyo soseji tuziache. Nyama iwe kidogo, mara chache. Mboga, maharage, nafaka isiyokobolewa, hivyo ndivyo vijae kwenye sahani. Na kuhusu damu yake, ilikuwa inatoka, baba. Usingeweza kuijaza kwa maini."

Baba Foibe akatazama mikono yake. Ile mikono.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema vizuri, daktari. Nimesikia."

Wapendwa, nani kati yetu angependa kukaa kwenye kiti kile? Mtu ameleta mapenzi yake kwenye mfuko kila jioni, leo anaambiwa ndani ya mfuko kulikuwa na nini. Siku ya upasuaji alikaa kwenye ngazi za nje, hakutaka kuongea na mtu. Foibe alimletea chai, ikapoa. Daktari alipotoka akasema imekwenda vizuri, wameondoa chote walichokiona, Baba Foibe alilia mbele za watu, na watu wakadhani ni furaha. Nusu yake ilikuwa furaha.

Perisi akaruhusiwa kurudi nyumbani, mwembamba, mshono tumboni, lakini macho yana uhai ndani. Siku za kwanza alikuwa wa uji na vitu laini. Daktari alipomruhusu kula chakula cha kawaida, Baba Foibe akamwambia binti yake, "Leo jikoni naingia mimi."

Mtu huyu hajawahi kushika mwiko. Alienda sokoni mwenyewe, akapita mbele ya bucha lake lililofungwa bila kuligeukia, akanunua mlenda mkavu, ile mboga ya kuteleza, karanga za kusaga na unga wa uwele. Mlenda mnaujua. Nyie mliozaliwa huku mmelelewa nao. Na yeye alilelewa nao, na ndiyo sababu aliuchukia. Ulikuwa chakula cha nyumba ile aliyoikimbia, chakula cha kukosa. Siku zote za ndoa yake mlenda haukuvuka mlango wake, maana aliona ukivuka, ahadi yake imevunjika.

Alipika. Foibe alisimama mlangoni akiziba mdomo asicheke. Magadi yalizidi, ugali ulikuwa na mabonge, mlenda ulivutika mpaka unaweza kufungia mbuzi. Akaweka kwenye sinia, akapeleka chumbani, akakaa kwenye kiti bila kuinua uso.

"Mama Foibe," akasema, "nisamehe. Ndicho alichosema daktari. Najua si chakula cha kukupa wewe. Onja kidogo tu, ukishindwa nitaondoa."

Perisi akanawa. Akamega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine. La tatu halikungoja la pili lifike. Baba Foibe akainua macho, akaona mkewe anafuta sahani kwa kidole, na moyo ukamkatika kabisa.

"Usijilazimishe, mke wangu. Tafadhali. Umejilazimisha vya kutosha kwa ajili yangu."

"Najilazimisha?" Perisi akasema. "Kuna mwingine huko jikoni?"

"Upo."

"Niletee."

Akaleta. Akala tena, anatokwa na jasho puani, kama mtoto aliyetoka shule. Baba Foibe alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Miaka yote aliyokaa mbele yake akimwangalia akila, hakuwa amewahi kumwona akila.

"Mama Foibe," akauliza taratibu, "unaupenda mlenda?"

"Tangu kwa mama yangu."

"Na nyama?"

Perisi akaacha kula. Foibe pale mlangoni naye akaacha kucheka.

"Nyama siipendi, Baba Foibe. Sijawahi kuipenda. Tangu utotoni ikinigusa ulimi natamani kuitema. Na zile soseji nilikuwa nazimeza na chai ya moto ili nisizisikie."

"Na miaka yote hii?"

"Ulikuwa unakuja umebeba mfuko, uso wako umejaa furaha. Kwa ile furaha ningekula hata kuni. Nilijiambia nitakwambia kesho. Kesho ikawa Foibe ana mtoto."

Baba Foibe akasogeza kiti karibu na kitanda. Akasema, na wala hakusema kwa hasira, "Mbona hukuniambia?"

Perisi akaweka mkono wake wenye mlenda juu ya goti la mumewe, akamwambia kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote, "Mbona hukuniuliza?"

Wapendwa wangu, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Msiende nyumbani mkasema mchungaji kakataza nyama. Mtanisingizia. Sikukuu ipo, wageni wapo, kula na umshukuru Mungu. Baba Foibe mwenyewe alifungua tena bucha lake, ila friji la soseji alilitoa, na mteja akitaka nyama ya kila siku humwambia kesho apike maharage. Wengine wanamwona kachanganyikiwa. Na alienda kupimwa yeye pia, kwa sababu alikuwa amekula sahani ileile. Perisi anahudhuria kliniki yake, na kwenye kwaya amerudi, sauti ya pili kwa sasa. Mshono umeshapona, ila akichekeshwa sana bado anaushika.

Lakini sisi. Sisi tumekuwa watu wa kudhani kwamba meza yenye soseji ni maendeleo na meza yenye mboga ni aibu. Tunawafungia watoto soseji waende nazo shule ili wenzao wawaone. Tunamheshimu mgeni kwa mlima wa nyama. Mwili huu tumekabidhiwa, hatukuununua, na aliyetukabidhi atauulizia. Tupunguze. Tuwe na ujasiri wa kumwekea mtu tunayempenda bakuli la kunde bila kuomba radhi. Na wewe unayeona damu unanyamaza, wewe mama, wewe baba unayeona ni jambo la kujificha, nakuomba kwa jina la Bwana, kesho asubuhi nenda hospitali. Daktari hatakucheka. Perisi alipona kwa sababu mwili wake ulimuangusha mbele za watu. Wewe usisubiri kuanguka.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya nyama. Humu ndani leo, kwenye mabenchi haya, wamo watu wanaomeza wasichokipenda ili mwenzao afurahi. Na wamo wanaolisha, wanaolisha kwa moyo wote, kila jioni, bila kuuliza. Wote wawili wanapendana. Hilo ndilo linalouma. Ukimtendea mtu mema bila kumwuliza, unaweza kumpenda miaka yote hiyo na usimjue.

Kwa hiyo mkifika nyumbani mchana huu, msikimbilie sufuria. Kaa na mtu wako, mke, mume, mzazi, mtoto. Mwulize: unapenda nini ambacho sijakupa, na unaumwa wapi ambapo hujaniambia? Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie kujibu. Kaa hapo, hata kama chakula kitachelewa, mpaka aseme.